Nyumba ya Bi Zena, Ipuli

Siku nilipokabidhi pikipiki ya ofisi, kijana aliyeipokea aliniuliza kama ina matatizo. Nikamwambia ina moja tu: haiwaki. Ukiisukuma kwenye ule mteremko wa nyuma ya ofisi itawaka, na ikishawaka usiizime mpaka umalize mizunguko yako yote. Akacheka, akidhani natania. Wiki iliyofuata alinipigia simu kuuliza mteremko upi.

Kwenye simu hiyohiyo akaniuliza na mengine. Nilikuwa nafanyaje mwenye nyumba akikataa kunifungulia geti? Nilikuwa nafanyaje nikikuta fundi ameshamwaga zege kabla sijafika? Nikamwambia, mwanangu, hayo hayaelezeki kwenye simu, salio lako litaisha. Nitakaa niandike. Basi haya ndiyo, kwake yeye na kwa ninyi wote mnaozunguka Tabora mkikagua nyumba za watu. Vyeo sitavitaja. Vilikuja vyenyewe kwa kukaa sana, kama mvi.

Nilianza ukaguzi wa majengo nikiwa msichana niliyetoka chuo cha ufundi, nina viatu vipya vyeusi na kalamu za kutosha mfukoni. Nilikabidhiwa kwa Mzee Maganga, Mnyamwezi mrefu, mtu wa maneno machache, aliyekuwa mkaguzi tangu mimi sijaanza shule. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba," akaviangalia viatu vyangu. Tukaenda kwa baiskeli mpaka mtaa wa Ng'ambo, kwa mshona magodoro mmoja aliyekuwa anaongeza vyumba nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake. Nikasimama ukingoni mwa mtaro, nikatoa karatasi.

"Unakagua nini?" Mzee Maganga akaniuliza.

"Msingi, mzee."

"Msingi uko wapi?"

"Huu hapa chini."

"Na wewe uko wapi?"

Nikavua viatu, nikashuka. Alikuwa na msumari mrefu wa kenchi za paa, akanipa niuchome sakafuni mwa mtaro kila baada ya hatua chache. Penye udongo mgumu uligoma. Kwenye kona moja ulizama wote, mkono wangu ukagonga ardhi. Lilikuwa shimo la taka la zamani, limefukiwa na kusahauliwa. Nilitegemea Mzee Maganga amgombeze mwenye nyumba. Hakumgombeza. Alimwita, akamkaribisha mtaroni kana kwamba anamkaribisha sebuleni, akampa msumari auchome mwenyewe. Kona ile ikachimbwa upya siku hiyohiyo, na sisi tukanyweshwa chai.

Nilipokuwa navaa viatu vyangu, ambavyo kwa miguu yangu yenye udongo havikuwa vipya tena, akaniambia jambo ambalo chuoni halikuwemo. "Kabla ya kupima chumba, uliza nani atalala humo." Nilidhani ni maneno ya mtu mzima anayependa mazungumzo. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba kwake swali hilo lilikuwa sehemu ya ukaguzi, sawa na kupima upana wa ukuta.

Kuhusu vifaa. Ninyi mna vile vidude vinavyomulika mstari mwekundu ukutani, na sivisemi vibaya, vinapendeza. Lakini betri ikiisha msione aibu kurudi kwenye mpira wa maji. Ni bomba jembamba linaloonyesha ndani. Unalijaza maji, wewe unashika ncha huku, fundi anashika kule, maji yakitulia pande zote mbili ndiyo usawa wenyewe. Nimeutumia miaka yote. Ulinisaliti mara moja tu, kiangazi, kwa sababu fundi alikuwa ameyanywa maji yake. Timazi nayo msiitupe. Ukuta unaweza kumdanganya mwenye nyumba na ukamdanganya hata fundi aliyeujenga, lakini uzi wenye kipande cha chuma hauna urafiki na mtu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nyingine za kuchekesha zikishapita. Kule Kwihara, ilikopita njia ya zamani ya misafara, mtaro wa msingi ulitoa shanga, nyekundu na bluu, kiganja kizima. Mwenye nyumba akaniuliza, huku uso umemshuka, kama ni kosa kisheria kukuta shanga. Nikamwambia awaite watu wa mambo ya kale, mimi nakagua msingi. Hata hivyo tulikaa pale ukingoni tukizisafisha kwa ncha ya khanga mpaka mafundi nao wakaacha kazi wakaja kuangalia. Mwingine, mfanyabiashara wa asali, aligoma kabisa nisipande kukagua kenchi zake. Nikajua anaficha mbao mbovu. Nikapanda. Alikuwa anaficha nyuki. Walihamia wenyewe, alisema, akaona si vizuri kufukuza wageni. Nilishuka haraka kuliko nilivyopanda, na taarifa yangu ya siku hiyo ilikuwa fupi.

Lakini nikiulizwa nyumba moja tu, nitataja ya Bi Zena. Ilikuja katika miaka yangu ya mwisho kazini, wakati nilipokuwa nimeshajiona najua kila kitu.

Bi Zena alikuwa mjane wa Ng'ambo, muuza karanga. Presha ya macho ilikuwa imemchukulia uwezo wa kuona, jicho moja kwanza, baadaye la pili, kabla mimi sijamjua. Aliishi na binti yake, Mwamvua, mwalimu wa shule ya msingi, katika nyumba ya udongo ya kuta nene ambayo mvua zilikuwa zinaimaliza upande mmoja. Mwanawe wa kiume, Ramadhani, alikuwa Nzega akiwauzia wachimbaji spea za mashine. Mambo yake yalipokaa vizuri alinunua kiwanja Ipuli, akachorewa ramani, akapata kibali, akaanza kumjengea mama yake.

Siku ya kwanza nilikwenda kukagua kamba, ile hatua ambayo nyumba bado ni vigingi na uzi tu. Fundi alikuwa Shija, Msukuma mchangamfu ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mwiko wake, na mwiko wake ulikuwa mzuri.

"Mwangaluka, Mama Asha!" akanisalimia kwa Kisukuma toka mbali.

"Mwangaluka. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Bosi yuko Nzega."

"Na atakayelala humu?"

Akaonyesha kwa kidevu. Bajaji ilikuwa imesimama barabarani, na bibi mmoja mwembamba alikuwa anashuka, ameshika bega la binti yake.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia. "Mimi ndiye mkaguzi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ndiye wewe serikali? Sauti yako si ya serikali." Akageuza uso kuelekea uwanjani. "Haya, niambie unaona nini."

"Naona kamba zimenyooka, mama. Kona ziko sawa, umbali kutoka kwa jirani unatosha."

"Hiyo umemwambia mkubwa wako. Mimi nimekuuliza unaona nini."

Nilikuwa nimekagua nyumba zisizo na idadi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba swali hilo sijawahi kuulizwa. Nikaanza upya. Nikamwambia kiwanja kina nyasi fupi zilizokauka, mchanga wa kijivu, kichuguu kimoja kwenye pembe ambacho Shija amekikata nusu. Kwamba jirani wa kushoto ana ukuta wa tofali za kuchoma na ameanika mashuka. Kwamba kamba ni nyeupe, na inapoishia ndipo mlango mkubwa utakapokuwa. Akasikiliza kichwa kimeinama upande mmoja. Nilipomaliza akasema, "Sasa nipeleke chumbani kwangu."

Tukampeleka. Alitembea ameshika kamba kwa vidole viwili, taratibu, Mwamvua nyuma yake. Alipofika palipochorwa chumba chake akasimama katikati na kuuliza jua linatokea wapi. Nikamgeuza. Dirisha lilikuwa limechorwa kuelekea ukuta wa jirani.

"Sitaki huko," akasema. "Kule Ng'ambo jua la asubuhi linanigusa uso nikiwa kitandani. Hapo ndipo najua nimeelekea wapi, na siku yangu naianzia hapo. Ukininyima jua, nitaamka nimepotea."

Ramadhani alipigiwa simu, akakubali palepale. Mchoraji akarekebisha ramani, dirisha likahamia mashariki. Ilikuwa rahisi, na nikarudi ofisini nimefurahi, nikidhani kazi ya nyumba hiyo itakuwa hivyohivyo mpaka mwisho.

Msingi ulipita vizuri. Bi Zena alikuja tena na kudai ashushwe mtaroni. Shija alitaka kukataa, nami nikamkumbuka msichana mmoja na viatu vyake vyeusi, nikamshusha bibi. Alipapasa mawe, akagonga moja kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi, akaridhika. Tuliporudi juu alitoa kwenye mkoba wake pakiti ya karanga akanipa. Alikuwa bado anazikaanga mwenyewe, kwa mchanga, kwenye kikaango kile alichokitumia tangu macho yake mazima. Aliniambia karanga zikikaribia kuiva zinabadilisha sauti. Nikamuuliza akihamia Ipuli ataendelea?

"Rama anataka nipumzike," akasema. "Nami sijui nipumzike nini, maana sijachoka."

Baadaye Mwamvua alinieleza lililokuwa linamsumbua mama yake. Ng'ambo aliijua yote kwa miguu. Alikwenda kisimani kwa jirani, chooni, barazani, dukani, bila kushikwa mkono. Mwamvua akiwa shuleni kutwa, mama alikuwa peke yake na hakuwa na shida. Aliogopa kwamba katika nyumba mpya atakuwa mtu wa kuketishwa kitini asubuhi na kukutwa palepale jioni. Hakumwambia Ramadhani. Angemwambiaje, na mwenyewe anajenga kwa furaha ile?

Mwito wa tatu ulikuwa wa linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kuta zilikuwa zimesimama, nafasi za milango na madirisha zinaonekana, ndani kumeshindiliwa moramu, kile kifusi chekundu cha changarawe. Nikapima huku na kule, kila kitu safi. Kisha nikaingia sebuleni, nikasimama. Sebule haikuwepo. Palikuwa na shimo pana la mraba, kina chake kinanifika mapajani, na ngazi za tofali zinashuka kutoka kwenye korido.

"Shija, hii nini?"

"Sebule ya kushuka, Mama Asha. Bosi ameiona kwenye simu. Watu wa mjini ndiyo wanajenga hivi sasa. Unaingia, unashuka, unakuta makochi chini. Na kwenda sehemu ya kulia chakula utapanda tena kidogo." Alikuwa anajivunia, na kusema kweli tofali za ngazi alizipanga vizuri sana.

"Kwenye ramani iko wapi?"

Akaangalia mawinguni, ambako haikuwepo.

Hapo sheria ilinipa njia rahisi. Kilichojengwa hakikuwa kilichopitishwa, basi nikasimamisha ujenzi. Niliandika hati, nikampa Shija, na kabla sijafika ofisini simu ikaita.

"Mama, mimi Ramadhani. Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Nimeambiwa umesimamisha nyumba ya mama yangu kwa sababu ya ngazi." Alikuwa anajizuia, nilisikia. "Ngazi si ufa. Ngazi haiangushi nyumba."

"Nyumba haitaanguka, Ramadhani. Nakubali."

"Basi?"

"Njoo tuongee ukiwa umesimama humo."

"Mvua zinakaribia, mama. Kuta zikinyeshewa bila bati hasara yangu. Au mnataka mtu asimjengee mzazi wake kitu kizuri?" Akakata. Baadaye alimwambia Shija kwamba kama ni hivyo, basi ujenzi usimame kabisa, mafundi waende nyumbani. Wakaenda. Nilipita pale mara mbili na pikipiki bila kuizima. Mchanga ulikuwa umelala chini ya turubai na mbuzi wa jirani wamepumzika kwenye kivuli cha chumba cha Bi Zena.

Nakiri sikulala vizuri siku hizo. Ni kweli ramani haikuwa na ngazi. Lakini nilijua pia kwamba Ramadhani angeweza kulipeleka badiliko lile ofisini, likapitishwa, kwa kuwa hakuna kanuni inayokataza mtu kushuka sebuleni kwake. Hati yangu ingeweza kumchelewesha, haikuweza kumkataza.

Alikuja Jumamosi, kwa gari lake, amevaa kanzu kwa sababu alikuwa ametoka msibani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega, na sauti ya kuzoea kelele za mashine. Nilimkuta amesimama ndani ya shimo lenyewe, anaangalia kuta.

"Unajua tulivyokuwa tunaishi?" akaniambia bila salamu, kisha akakumbuka, akanisalimia, akaendelea. "Mvua ikinyesha mama alikuwa anatuhamisha kitanda. Wageni wakija alikuwa anawakalisha barazani, hata jua kali, ili wasione ndani. Anasema hewa ya nje nzuri. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilijua anaona haya. Nikasema siku moja mgeni akiingia kwa mama yangu, asimame mlangoni ashangae. Ndiyo hii. Sitaki kingine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkaidi, nikamkuta mtoto anayempenda mama yake.

Bajaji ikasimama nje. Mwamvua alikuwa amemleta mama yake; alisikia kaka amekuja na hakutaka tugombane bila yeye. Bi Zena akafika mlangoni, akapapasa fremu, akasema, "Mwamvua, niache mkono."

"Mama, humu kuna—"

"Niache mkono. Kama ni nyumba yangu nitaingia."

Mwamvua akaniangalia. Nikasogea ubavuni kwa Bi Zena, karibu kiasi cha kumdaka, bila kumgusa. Ramadhani akafungua mdomo, nikamwonyesha kwa mkono anyamaze, na sijui kwa nini alinitii. Mama yake alikuja na korido, kiganja ukutani, nyayo zinatambaa juu ya moramu. Alikuwa anatabasamu kidogo. Ukuta ulikuwa laini na alikuwa anaupenda. Kisha ukuta ukaisha, pale sebule inapofunguka. Akanyoosha mkono mbele, hakugusa kitu. Akapeleka mguu mbele, na mguu haukukuta ardhi.

Sikuwahi kumshika. Ramadhani alikuwa ameruka kutoka katikati ya shimo, akamkumbatia miguu kutoka chini, kanzu yake yote imeingia vumbi. Bi Zena akayumba, akatafuta bega la mwanawe pale alipolizoea. Mkono ukapita hewani. Akashuka nao mpaka ukakuta kichwa chake, kiunoni kwake.

"Rama?"

"Mimi, mama."

"Mbona umekuwa mfupi?"

Shija, aliyekuwa amejibanza dirishani akisikiliza, alicheka kwanza. Mwamvua akafuata, na mimi. Ramadhani hakucheka. Alibaki amekumbatia miguu ya mama yake, uso ameuficha kwenye khanga, na mabega yale makubwa yakaanza kutikisika. Bi Zena akampapasa nywele.

"Nimesimama kwenye shimo, mama," akasema mwishowe.

"Shimo la nini?"

"La kukufurahisha."

Bi Zena akakaa pale ukingoni, miguu ikaning'inia, akamvuta mwanawe akae kwenye ngazi ya tofali karibu naye. Akasema naye polepole, sauti ya mtu anayemwekea mtoto chakula. "Mwanangu, wageni wakishangaa wataondoka. Mimi ndiye nitakayebaki. Nataka niamke niende chooni bila kumwita mtu. Nataka nikaange karanga zangu. Nikisikia hodi, niende mlangoni mwenyewe nifungue. Ukinipa hayo, hata ukaezeka kwa nyasi nitakuombea dua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana kwenye simu."

Ramadhani akainuka, akajipangusa kanzu bila mafanikio, akaita, "Fundi, jaza hili shimo."

"Ngazi je, bosi?" Shija akauliza, kwa huzuni ya fundi.

"Zifukie humohumo."

Zimo mpaka leo, chini ya sakafu, ngazi nzuri kuliko zote zilizowahi kupangwa Ipuli, na hakuna atakayeziona. Niliifuta hati yangu Jumatatu.

Toka hapo Ramadhani alikuwa akija kila alipopata nafasi, na akawa anauliza badala ya kuagiza. Wazo la ubao lilikuwa lake, wala si langu. Alitengenezesha ubao mwembamba wa mninga, uliolainishwa vizuri, akaupigilia ukutani kuzunguka korido na vyumba vyote, kimo cha mkono wa mama yake, na karibu na kila mlango akachonga alama: mstari mmoja kwa jikoni, miwili chooni, miwili iliyokatizana kwa chumba chake. Bi Zena alipoupitia mara ya kwanza, vidole vikitambua alama moja baada ya nyingine, alisema, "Sasa ndiyo umeanza kunijengea mimi."

Siku ya kenchi na bati aliniuliza kama kawaida naona nini. Nilikuwa nimeshaufahamu mtihani wake. Nikamwambia mbao zimepakwa dawa ya mchwa na zimekuwa na rangi ya kijani iliyofifia, kwamba Shija amekaa juu kama kunguru, kwamba bati limelala bila mawimbi na rangi yake ni nyekundu iliyokolea, inayoelekea weusi.

"Damu ya mzee?"

"Hiyohiyo."

"Khanga yangu ya harusi ilikuwa damu ya mzee," akasema. Hapo niwaambie wadogo zangu: tangu nimjue bibi huyo, ukaguzi wangu uliongezeka ubora. Mtu akijua atalazimika kueleza anachokiona kwa asiyekiona, anaangalia vizuri zaidi. Niliona nyufa ambazo zamani ningezipita.

Alikataa kuhamia mpaka aijue nyumba. Plasta ilipokauka na sakafu kukamilika, kila asubuhi Mwamvua alimpitisha pale akienda shule, akamwachia ufagio. Alifagia nyumba tupu, chumba kwa chumba, mpaka kona zote akazifahamu. Majirani wa Ipuli walidhani ni kijakazi, wakamwonea huruma, mmoja akamletea uji. Wakajuana hivyo. Alipohamisha kikaango chake alikuwa ameshapata wateja.

Ukaguzi wa mwisho nilikwenda Jumapili, kwa sababu Ramadhani aliniomba awepo. Nilipima vyoo na mifereji, nikafungua na kufunga madirisha, nikawasha taa zote. Bi Zena alitukaribisha sebuleni, ambako makochi yalikuwa yamebanwa ukutani na katikati kumeachwa wazi. Alituletea chai mwenyewe, kikombe kimoja kwa safari, na hakuna aliyethubutu kuinuka kumsaidia. Ramadhani alikuwa amejishika magoti, anatazama kila hatua. Tulipomaliza, Bi Zena akasema wakati umefika, mwanawe ana safari ya Nzega na barabara si ya kupita gizani.

Akatusindikiza mpaka getini. Akamwombea mwanawe dua, akanipa mimi karanga, akasema, "Haya, nendeni." Akageuka. Ramadhani akapiga hatua moja kumfuata, nikamshika mkono wa shati. Tukasimama pale karibu na gari tukimwangalia. Alitembea uwanjani bila haraka, mkono mmoja umetangulia kidogo, khanga ikipeperuka, akafika barazani, akapapasa fremu, akaingia. Mlango ukafungwa.

"Amefika?" Ramadhani akaniuliza, na macho anayo.

"Amefika."

Tukasikia komeo likivutwa kwa ndani, likaingia mahali pake.

"Ametufungia nje," akasema, akacheka mpaka akaegemea gari lake. Nikaweka cheti cha nyumba kukamilika juu ya boneti, nikasaini.